Mwenye Mkeka Hutembea Nyuma

Siku hizi Mabawe mtu akizidiwa hupigiwa simu mwenye gari, na mwenye gari huuliza kwanza kama barabara imekauka. Kama haijakauka, huitwa bodaboda. Mgonjwa hufungwa kwa kanga mgongoni mwa dereva kama gunia la maharage, safari ikaenda kwa kurukaruka hadi hospitali, na wanaofika wazima humshukuru Mungu. Hakuna anayeuliza huyo dereva alilala lini. Ingobyi iliyokuwa ikining'inia chini ya paa katika kila kitongoji leo kuku wanatagia humo, na vijana wakiiona huuliza kama kilikuwa kitanda cha mtoto.

Hakikuwa kitanda cha mtoto. Ilikuwa machela ya fito na kamba, ya kubebwa mabegani na wanaume wanne, na kule Mabawe mkubwa wa ingobyi alikuwa Bernardo.

Bernardo alikuwa mfupi, mwenye shingo nene na bega la kulia lililokaa juu kuliko la kushoto, hata shati lake jipya lilionekana limeshonwa na fundi mlevi. Alilima migomba na maharage kama watu wengine. Kwenye vikao hakuwa na neno. Kwenye pombe ya ndizi alikunywa kidogo, akacheka kwa chati. Lakini akishika fito ya ingobyi alikuwa mtu mwingine: sauti ilimtoka, nyimbo zilimjia, na wanaume waliomzidi kimo walimfuata kama ndama. Sifa yake ilikuwa moja. Aliwapeleka wabebaji wake mbali na kuwarudisha wakiwa bado na hamu ya kucheza ngoma. Wengine walijua kuwahi. Bernardo alijua kuwahi leo, na kesho kutwa, na mwezi ujao akiitwa tena.

Sheria za ingobyi hazikuandikwa popote, na ndiyo maana zilikumbukwa. Kwanza, wabebaji hubadilishwa chini ya kilima, si juu yake. Anayesubiri mpaka juu ameshawaumiza. Bernardo akipaza sauti, "Hindura!", wanne wapya waliingiza mabega chini ya fito, wanne wa zamani wakachomoka, na mgonjwa hata hakujua kwamba amebadilishiwa miguu.

Pili, mbebaji haulizwi kama amechoka. Hili wageni hawakulielewa kamwe. Mwanaume wa kule, fito ikiwa begani, hawezi kusema amechoka hata akianguka, kwa sababu kusema mzigo ni mzito ni kumwambia mgonjwa afe. Kwa hiyo kumuuliza ni kumlazimisha aseme uongo. Mkubwa wa ingobyi hutazama, halafu huamuru.

Tatu, nyuma ya ingobyi alitembea mwanamke wa nyumba ya mgonjwa, mkeka umekunjwa kichwani na kibuyu cha uji mkononi. Watu waliopita walidhani anakwenda kulia. Hapana. Yule ndiye aliyekuwa na mamlaka juu ya mkubwa mwenyewe. Akisema, "Bernardo, achia," Bernardo aliachia fito akampisha mwingine, na hakukuwa na mjadala. Mkubwa akikaidi, mwanamke alikuwa na haki ya kutandika mkeka njiani. Na mkeka ukitandikwa ingobyi lazima iwekwe chini, na ingobyi ikiwekwa chini kabla ya kufika, kila jicho lililo kilimani linajua kinachowekwa chini katikati ya safari ni maiti. Wanawake wataanza kupiga mayowe. Aibu hiyo hakuna mkubwa wa ingobyi wa Mabawe aliyewahi kuionja.

Ndipo ukaja mwaka wa tisini na nne. Watu waliokimbia Rwanda walivuka daraja la Rusumo kama siafu waliomwagiwa maji, na vilima vya Kasulo, vilivyokuwa vya nyasi na mbuzi, viliamka vimefunikwa maturubai ya bluu mpaka upeo wa macho. Katika mji ule wa maturubai mgonjwa wa kuhara angeweza kulala mbali na mahema ya hospitali, na kati yake na hospitali hapakuwa na njia ya gari, ila kamba za mahema, mitaro, vyungu na watoto. Muuguzi aliyesimamia uchukuaji wa wagonjwa, Uwimana, yeye mwenyewe mkimbizi wa kutoka Rwanda, alisikia kwamba Mabawe kuna watu wanaojua kubeba. Akaagiza waitwe.

Bernardo alikuja na vijana wake, akiwemo Nshoma, mtu wa maneno mengi na miguu mizuri. Akaongeza na wakimbizi. Mmoja wao alikuwa Ndayisenga, Mrundi mrefu, mkimya, mwenye miguu ya korongo. Walipewa machela za vyuma na turubai. Nshoma alizitazama, akapapasa, akasema, "Hizi zinateleza kama kambale. Mgonjwa atafika kabla yetu." Wakakata fito za mkaratusi, wakasuka kamba.

Mwanzoni kazi ilikwenda kama ngoma. Kundi moja lilibeba, jingine lilikaa kivulini likichapana utani, na kila mtu alikuwa na siku yake ya kulala kutwa bila kuulizwa. Uwimana, aliyekuwa na wagonjwa mpaka kichwani, aliwaona waliokaa, akashindwa kuvumilia.

"Mzee Bernardo, shikamoo. Wale mbona wamekaa?"

"Marahaba, mwanangu. Wako kazini."

"Kazi gani ile ya kulalia mgongo?"

"Kazi ya kesho."

Uwimana alitaka kukasirika, akacheka, akaenda zake. Hakuuliza tena.

Kitu kimoja tu kilikosekana, na hakuna aliyekitilia maanani. Nyuma ya ingobyi hapakuwa na mwanamke. Ndugu wa mgonjwa hawakuthubutu kutoka, kwa maana aliyeondoka angerudi akute zamu yake ya chakula imepita na turubai lake lina wenyewe wengine. Basi ingobyi zikaenda bila mkeka. Mkeka ni ukili tu, watu waliona, unaongeza nini?

Kiangazi kilipoingia, kuhara damu kukaingia nacho. Hapo Bernardo alianza kufanya jambo ambalo kwa mwingine asingeliruhusu hata nusu siku. Alishika fito ya mbele asubuhi, akaishika mchana, akaishika jioni. Waliobeba naye wakibadilishwa, yeye alibaki. "Mimi naijua njia," alisema. Akala amesimama. Jumapili za kwenda nyumbani akaziruka, moja, nyingine, mpaka mkewe Melania akaacha kumpikia. Macho yalimwingia ndani, shingo ile nene ikawa kama ya kuku aliyenyonyolewa, na lile jicho lake la kuwatazama watu likafifia, kwa kuwa aliyechoka hana nafasi ya kuuona uchovu wa mwenzake.

Na sasa, kwa kuwa haoni, akaanza kuuliza.

"Nani amechoka?"

Kimya.

"Vizuri. Twende."

Ungedhani ni mgeni aliyeshuka juzi kutoka Dar es Salaam. Kila mtu pale alijua kimya kile kina maana gani, isipokuwa yeye, aliyewafundisha. Siku za kulala akazikata nusu, kisha akazikata zote, kwani si wamesema wenyewe hawajachoka? Nyimbo zikakoma. Nshoma akaacha utani, na hapo hata mjinga angejua kuna ugonjwa.

Mchana mmoja Ndayisenga alijikwaa kwenye kamba ya hema. Hakuanguka, mgonjwa hakutikisika sana, lakini Bernardo aligeuza shingo akamfokea mbele ya watu, "Wewe Mrundi, uvivu huo umekuja nao au umeukuta hapa?"

Ndayisenga hakuachia fito. Alisubiri mpaka mgonjwa akashushwa kwenye hema la hospitali, akajifuta uso, ndipo akasema polepole, "Muzee, mama yangu nilimbeba mgongoni kutoka Muyinga. Nilimbeba mpaka akafia mgongoni, na bado nikambeba. Leo unaniita mvivu."

Bernardo aliigeukia ingobyi tupu. "Shika fito," akasema. "Kuna mwingine anasubiri."

Jumamosi Nshoma alidandia lori, akateremka njia panda, akatembea hadi Mabawe. Alimkuta Melania anamenya mihogo.

"Shikamoo, mama Odeta."

"Marahaba. Umekonda. Mume wangu yuko wapi?"

"Yupo. Ila si yule uliyetupa."

Melania aliweka kisu chini. "Amepata mwanamke?"

"Afadhali angempata, mama Odeta. Mwanamke angemlaza."

Melania hakucheka, ingawa siku nyingine angecheka. Nshoma akaeleza: kufoka, kuuliza nani amechoka, maneno aliyomwambia Ndayisenga. "Jumatatu tunafunga virago, wote. Hatuna ugomvi naye. Tunamwogopa, na tunaogopa kumwona anaanguka. Na tukiondoka, wagonjwa wa kule hawana mwingine wa kuwabeba. Hilo nalo linatukaba. Lakini miguu haina tena kitu, mama Odeta. Haina."

"Umemwambia?"

"Nitamwambiaje, na fito iko begani kwake?"

Melania alifikiri. Kisha akauliza jambo moja tu. "Nyuma anatembea nani?"

Nshoma akatazama mihogo.

"Nyuma, nakuuliza."

"Hakuna."

"Hakuna mkeka?"

"Hakuna."

"Mwe!" Melania alisimama, akajifuta mikono. "Watu wazima na ndevu zenu." Akampeleka mbuzi kwa jirani, akakunja mkeka wake wa kulalia, akaujaribu kichwani, akaukaza vizuri.

Jumapili mchana walifika Kasulo juu ya magunia ya unga, weupe kama mizimu. Ingobyi ilikuwa inatoka. Mgonjwa alikuwa mama mmoja wa Kirundi, Selestina, muuza ndizi mbivu, mnene wa kuheshimika, aliyetumbukia kwenye mtaro akavunjika mguu. Kuhara hakukumpata, na ulimi wake ulikuwa na afya kamili.

"Taratibu! Mnanibeba kama mihogo! Wewe wa mbele, mfupi, bega lako moja liko mbinguni na jingine kaburini, mimi nateleza!"

Wa mbele, mfupi, alikuwa Bernardo. Alikuwa ameinamisha kichwa kama ng'ombe wa kukokota, jasho likidondoka puani. Ndayisenga alibeba nyuma. Waliobaki walifuata bila kuimba. Nshoma aliingia kimya kati yao, na Melania akakaa mahali pake, hatua kadhaa nyuma ya ingobyi, mkeka kichwani.

Alitembea hivyo kwa muda. Alitazama chini, siyo mabega wala nyuso. Mbele kulikuwa na kilima cha mwisho, kile kirefu chenye mahema ya hospitali juu yake. Walipofika chini yake, mahali ambapo Bernardo wa zamani angepaza sauti, Bernardo huyu aliguna tu, akaanza kupanda.

"Bernardo," Melania akaita. "Achia."

Sauti ile aliijua. Mgongo wake ulishtuka. Lakini miguu iliendelea.

"Nimalize kilima hiki," akasema bila kugeuka.

"Kilima chote? Watu hubadilishwa juu au chini?"

"Mama Odeta, usiniaibishe mbele za watu."

"Sijakuaibisha bado. Achia."

Watu walianza kutoka kwenye mahema. Watoto wakasogea. Bernardo akapiga hatua nyingine, na nyingine, na Melania akashusha mkeka kutoka kichwani, akaushika kwa mikono miwili, akafungua kamba yake.

Wabebaji wa Mabawe waliona, wakaganda. Kulikuwa na Warundi na Wanyarwanda pale, na desturi ile waliijua kama wanavyojua majina yao. Mwanamke mmoja mlangoni mwa hema lake tayari alikuwa ameweka mikono kichwani, tayari kwa mayowe.

"Nini?" Selestina akainua shingo. "Mbona mmenyamaza? Nini huko nyuma?" Akageuza kichwa, akauona mkeka. "Yewe! Weee! Usiutandike huo! Mimi sijafa! Ni mguu tu!"

"Sina shida nawe, dada," Melania akasema. "Ni huyo."

"Basi na aachie! Wewe mwanaume, mkeo anakuita, husikii? Ukitaka kufa, kufa na ingobyi yako, siyo yangu!"

Nyuma mtu akacheka, akaziba mdomo. Bernardo alikuwa amesimama. Fito ilitetemeka begani kwake, na kila mtu aliuona mtetemeko ule isipokuwa yeye. Huko nyuma, miaka yote ile Mabawe, aliwahi kuachia mara nyingi, kwa mama mkwe wa huyu, kwa dada wa yule, bila kufikiri, kama mtu anavyoinama mlangoni. Sasa ilikuwa kama anaombwa aukate mkono wake. Nani angebeba? Nani aliyeijua njia?

"Nshoma," Melania akasema, bila kupandisha sauti, huku mkeka umeshaanza kukunjuka. "Ingia."

Nshoma aliingiza bega chini ya fito, nyuma ya bega la Bernardo, kama alivyofundishwa. "Mkubwa," akanong'ona, "nimeshika."

Bernardo akaachia.

Alichomoka pembeni na kupepesuka hatua mbili. Ingobyi ikapita mbele yake, ikapanda, haikuanguka. Melania akakunja mkeka, akaufunga, akamtwika kichwani.

"Shika. Tembea."

Watoto walivunjika mbavu, kwa sababu mwanaume na mkeka kichwani ni kichekesho hata katika msiba. Bernardo hakuwa na nguvu ya kuwafukuza. Alitembea. Mkeka ulinuka nyumbani kwake, moshi na samli. Bega lilimuuma sana sasa lilipokuwa tupu, na kwa kuwa hakuweza kuinua kichwa, alitazama kilichokuwa mbele ya macho yake: visigino.

Visigino vinane vya wabebaji, vilivyopasuka, vya vumbi. Tangu ujana wake alikuwa ametembea mbele, na mbele mtu huona njia tu. Hapa nyuma aliona kila kitu. Cha Nshoma kilikanyaga sawasawa. Vingine vilikuwa na hali nzuri. Lakini kisigino cha kushoto cha Ndayisenga hakikuwa kinainuka tena. Kilikuwa kinaburuzwa, kikiacha mstari kwenye vumbi kama wa jembe. Huo mstari haukuanza leo. Mtu aburuzaye hivyo ameanza kuburuza siku nyingi, na yeye ndiye aliyekuwa akimuuliza, nani amechoka, na kumwita mvivu.

"Ndayisenga," akasema. Sauti ilitoka ya mikwaruzo. "Achia."

Ndayisenga aligeuza kichwa nusu. Alimwona mzee na mkeka kichwani.

"Achia, mwanangu. Na lile neno nililosema siku ile, naliachia pia."

Mwingine akaingia. Ndayisenga akachomoka, akasubiri mpaka Bernardo akamfikia, wakatembea sambamba. Karibu na kilele mtu wa pembeni akaanza wimbo kwa sauti ya chini, wakajibu. Selestina, aliyekuwa amejaliwa sauti kubwa, akaimba kuliko wote, nje ya mdundo.

Uwimana alipokea mgonjwa, akamtazama Bernardo, akautazama mkeka. Alikuwa na busara ya kutocheka. "Mzee, nenda ukalale."

"Wagonjwa wangapi bado—"

"Mzee Bernardo." Uwimana akainua kidole kuelekea kwa Melania. "Mimi namwogopa huyo mama. Wewe humwogopi?"

Melania alimpeleka hemani, na kule ndiko mkeka ulikotandikwa. Bernardo akaanguka juu yake na viatu vyake, na Jumatatu jua lilipopanda bado alikuwa amelala, mdomo wazi, Melania ameketi mlangoni akichambua maharage na kumfukuza kila aliyekuja kumuuliza mkubwa yuko wapi.

Wabebaji walikuja. Hakuna aliyekuja na mzigo wake wa safari. Walisimama wakikunakuna vichwa.

"Mama Odeta, shikamoo," Nshoma akasema. "Tunatoka na ingobyi. Lakini nyuma tutatembea na nini? Mkeka ameulalia."

"Mko wanaume wazima, mnashindwa kupata kitu cha kukunja?"

Wakatafuta. Ndayisenga akaokota gunia tupu la unga, akalikunja, akalifunga kwa kamba, akaenda kujitwisha. Nshoma akamnyang'anya. "Wewe leo hubebi wala hutembei nyuma. Wewe leo unafanya kazi ya kesho. Kaa hapo na mama."

Akajitwika gunia, akajifunga kanga ya kuazima kiunoni, akaanza kutembea kwa madaha nyuma ya ingobyi tupu, huku wanawake kwenye mstari wa maji wakimpigia vigelegele na kumwuliza mume wake ni nani na amemtolea mahari gani. Hakuwajibu. Macho yake yalikuwa chini, kwenye visigino, na kabla hawajafika hata bondeni alikuwa ameshampigia mtu kelele aachie.